"Kwa Nini Ulifanya Hivyo?": Asubuhi Maiti ya Mfalme Duncan Ilipoonekana

Wasomaji wengi wa Macbeth hukumbuka zaidi usiku wa mauaji: jambia linaloelea mbele ya macho ya Macbeth, mikono iliyotapakaa damu, na mke anayemwambia mumewe kwamba maji kidogo tu yatawatakasa na tendo lao. Asubuhi inayofuata, yaani Onyesho la Tatu la Tendo la Pili, hupitiwa upesi, kana kwamba kazi yake ni kuwapa wahusika wengine habari ambayo mtazamaji anayo tayari. Naamini kwamba kuisoma hivyo ni kuipunja tamthilia hii ya William Shakespeare sehemu yake iliyosukwa kwa ustadi mkubwa kabisa. Asubuhi ile maiti inaonekana, lakini ukweli hauonekani, na kati ya mambo hayo mawili kuna swali moja fupi la Macduff, bwana mmoja wa Kiskoti, "Kwa nini ulifanya hivyo?", ambalo linajibiwa kwa maneno mengi bila kupata jibu.

Ili swali hilo lieleweke, hatuna budi kuanza na mpango wenyewe. Mfalme Duncan wa Uskoti amefika Inverness kulala katika ngome ya Macbeth, ambaye kwake ni ndugu wa ukoo, jemadari, na usiku huo mwenyeji wake. Wanawe wawili, Malcolm na Donalbain, wamefuatana naye, na Malcolm amekwisha kutangazwa mrithi wa kiti cha baba yake. Lady Macbeth ndiye anayeunda mpango: walinzi wawili wanaolala chumbani mwa mfalme waleweshwe mpaka wasijitambue, mfalme auawe usingizini, na lawama iwaangukie walinzi. Macbeth anaongeza kwamba majambia yatakayotumika yawe ya walinzi wenyewe, na kwamba wapakwe damu wakiwa wamelala. Mkewe anauliza ni nani atakayethubutu kufikiri vinginevyo, wakati wao wawili watakuwa wakipaza vilio juu ya kifo cha mgeni wao. Msomaji azingatie kwamba hakuna mahali popote katika mazungumzo hayo panaposemwa kwamba walinzi wauawe. Mpango ulitaka waamke, wajikute na damu, wakane, wasisadikiwe.

Tendo lenyewe linakwenda upande tangu mwanzo. Macbeth anatoka chumbani akiwa bado ameyashika majambia ambayo yalipaswa kubaki kando ya walinzi, na anakataa katakata kurudi kuitazama kazi yake. Mkewe anayachukua, anayarudisha, na anawapaka walinzi damu. Hapo ndipo mlango wa ngome unapoanza kubishwa hodi.

Hodi hiyo imeandikiwa mengi. Mwaka 1823 mwandishi wa Kiingereza Thomas De Quincey alichapisha insha nzima kueleza kwa nini ilimtetemesha tangu utotoni: kwa maoni yake, wakati wa mauaji ulimwengu wa kawaida unakuwa umesimama, na kishindo cha mlangoni ndicho kinachoturudisha katika maisha ya watu na kutufanya tuhisi jinsi tulivyokuwa tumetoka mbali. Anayekwenda kufungua ni bawabu mlevi, aliyekesha akinywa mpaka jogoo wa pili, ambaye anajifanya kuwa bawabu wa mlango wa jehanamu na kuwakaribisha wakosefu mmoja mmoja. Mshairi Samuel Taylor Coleridge aliona sehemu hiyo kuwa ya ovyo, hata akadai kwamba haikuandikwa na Shakespeare. Mimi siwezi kukubaliana naye. Mmoja wa wakosefu wanaokaribishwa ni mtu wa kauli mbili, aliyeweza kuapia kila upande wa mizani dhidi ya upande mwingine lakini akashindwa kuidanganya mbingu. Watazamaji wa London waliijua vizuri kauli hiyo. Novemba 1605 ilifichuliwa njama ya kulipua Bunge pamoja na Mfalme James, na mwaka 1606 padri Mjesuiti Henry Garnet alinyongwa baada ya kesi ambayo ilizungumzia sana fundisho lake kwamba mtu anaweza kusema maneno yenye maana mbili bila kuhesabiwa kuwa mwongo. Kwa hiyo kabla maiti haijaonekana, mlevi amekwisha kututajia kosa litakalotawala asubuhi nzima. Mlango unafunguliwa, na watakaozungumza humo ndani watasema kauli mbili.

Wanaoingia ni Macduff na bwana mwenzake Lennox. Macduff ameagizwa na mfalme amwamshe mapema, na anaona kwamba amekaribia kuchelewa. Macbeth anajitokeza, anamwonyesha mlango, kisha anabaki na Lennox wakati mwenzao ameingia. Dakika hizo chache za kungoja ni nzito kuliko ukelele unaozifuata, kwa sababu watazamaji wanajua Macduff anakwenda kukuta nini, na Macbeth anajua, ila Lennox peke yake hajui. Lennox anauliza kama mfalme anaondoka leo. Macbeth anajibu kwamba anaondoka, kisha kama mtu aliyejikwaa anajisahihisha: ndivyo alivyopanga. Lennox anaendelea kusimulia usiku ulivyokuwa wa ajabu, mabomba ya moshi yakang'olewa na upepo, vilio vikasikika hewani, ndege wa giza akalia usiku kucha, na wengine wakasema kwamba ardhi ilitetemeka kama mgonjwa wa homa. Msomaji wa Kiswahili hahitaji kuelezwa maana ya bundi anayelia juu ya paa. Imani hiyo anayo kwao. Kwa maelezo hayo yote marefu Macbeth anarudisha sentensi moja: ulikuwa usiku mbaya. Hiyo ni moja ya kweli chache anazozisema asubuhi ile.

Macduff anarudi akipiga kelele, na jambo la kwanza linalosikika ni kushindwa kwa lugha yake. Anataja neno la kutisha mara tatu, kisha anasema kwamba ulimi wala moyo hauwezi kulifahamu wala kulipa jina jambo aliloliona. Macbeth na Lennox wanauliza kuna nini, naye hasemi kwamba mfalme ameuawa; anasema kwamba uuaji wa kukufuru umelivunja hekalu la mpakwa mafuta wa Bwana na kuiba humo uhai wa jengo. Macbeth anauliza, "Unasema nini? Uhai?" na Lennox anauliza kama anamkusudia mfalme. Macduff hawajibu. Anawataka waende chumbani wajionee.

Mfano huo wa hekalu ndio unaotufahamisha kosa lilikuwa kubwa kiasi gani machoni pa watu wa zama zile. Mfalme alihesabiwa kuwa amewekwa na Mungu, na kupakwa mafuta wakati wa kutawazwa kulimfanya mwili wake kuwa kitu kitakatifu, hivyo kwamba kumwua hakukuwa uhaini tu bali kulikuwa kukufuru. James mwenyewe, aliyeitawala Uskoti tangu utoto wake na kuongeza kiti cha Uingereza mwaka 1603, aliitetea imani hiyo kwa maandishi yake. Isitoshe, alikuwa na sababu za karibu zaidi za kuogopa kisu cha usiku, kwani baba yake, Lord Darnley, aliuawa Edinburgh mwaka 1567 wakati James alikuwa mtoto mchanga. Tamthilia hii, ambayo wataalamu wengi huiweka karibu na mwaka 1606, iliigizwa na kundi lililokuwa chini ya ulezi wa mfalme huyohuyo. Ukelele wa Macduff ulikuwa na mahali pa kuangukia.

Kengele inapigwa, na mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo. Watu wanatoka vyumbani wakiwa hawajavaa sawasawa. Wa kwanza ni Lady Macbeth, anayetaka kujua ni kitu gani kinachowakusanya waliolala. Macduff anakataa kumwambia, kwa maelezo kwamba habari hiyo ikisemwa masikioni mwa mwanamke itamwua papo hapo. Mtazamaji anayakumbuka majambia yaliyorudishwa kwa mkono wake. Halafu anafika Banquo, jemadari mwenzake Macbeth, na mbele yake ndipo Macduff anapotamka wazi kwamba mfalme wao ameuawa. Lady Macbeth anasema, "Ole! Nini, katika nyumba yetu?" Banquo anamjibu kwa maneno machache: ukatili huo ungezidi mno popote pale. Hapa ni lazima tusome polepole. Mwenye nyumba amefiwa na mgeni aliye mfalme, na fikira yake ya kwanza ni mahali, si mtu. Neno lake linaweza kusikika kama aibu ya mwenyeji, na huenda alitaka lisikike hivyo. Lakini jibu la Banquo linamrudisha kwenye maiti, na ndilo karipio la kwanza la asubuhi hiyo. Banquo ana sababu ya kukaripia, kwa kuwa ni yeye peke yake, zaidi ya wenye nyumba, anayejua kwamba wachawi walimwahidi Macbeth ufalme.

Macbeth anarudi kutoka chumbani pamoja na Lennox, na sasa anasema mengi. Laiti angekufa saa moja kabla ya tukio hili, anasema, angekuwa ameishi maisha yenye baraka. Kuanzia sasa hakuna chenye uzito duniani, divai ya uhai imekwisha kumiminwa na machicha tu ndiyo yaliyobaki. Maneno hayo ni maombolezo ya kuigiza, na papo hapo ni kweli tupu juu ya nafsi yake. Amekusudia kudanganya na ametabiri maisha yake yote yatakayofuata. Wana wa mfalme wanapofika, Macbeth bado anazunguka na mifano, akiwaambia kwamba chemchemi ya damu yao imezibwa, mpaka Macduff anapokata maneno: baba yenu mfalme ameuawa. Malcolm anauliza, "Na nani?"

Wako waliomwona Malcolm kuwa mkavu wa moyo kwa sababu ya swali hilo. Nadhani wanamwonea. Katika chumba kilichojaa kelele, yeye ndiye aliyeuliza kilichopaswa kuulizwa. Anayejibu ni Lennox, na anajibu kwa hadhari: walinzi wa chumbani, kama ilivyoonekana, ndio waliofanya, kwa kuwa mikono na nyuso zao zilikuwa na damu, na majambia yao yalikutwa juu ya mito yakiwa hayajafutwa. Ushahidi huo una kasoro ambayo mtu mtulivu angeiona mara moja. Mwuaji gani anayemaliza kazi yake, asikimbie, asinawe, asifute jambia, bali alale palepale na kuliweka silaha lake kichwani? Wala Lennox hataji sababu yoyote ya walinzi hao kumchukia mfalme. Ushahidi umezidi kipimo, na kwa kuzidi huko unatia shaka. Lakini shaka hiyo ingehitaji mtu mmoja wa kuhojiwa.

Hapo Macbeth anajitokeza na kusema kwamba anajutia hasira yake, iliyomfanya awaue walinzi.

Macduff anauliza, "Kwa nini ulifanya hivyo?"

Naliona swali hilo kuwa ndilo linaloishikilia tamthilia nzima. Macduff hamshtaki mtu, pengine bado hajamshuku mtu. Anauliza kama angeuliza yeyote mwenye akili timamu: mmewakuta watuhumiwa wakiwa hai, wamelewa, hawawezi kukimbia, kuwahoji kungetueleza kama walitumwa, na nani aliwatuma. Kwa nini uwaue wale pekee waliokuwamo chumbani? Macbeth amefanya jambo ambalo halikuwamo katika mpango, na kwa kuziba midomo miwili amefungua mdomo wa tatu.

Jibu lake ni hotuba. Anauliza ni nani awezaye kuwa na busara na mshangao, upole na ghadhabu, utii na kutoegemea upande, vyote kwa dakika moja. Anajijibu kwamba hakuna. Kisha anawachorea chumba: hapa amelala Duncan, ngozi yake ya fedha imetariziwa damu yake ya dhahabu, na majeraha yake yako kama ufa katika maumbile ambamo maangamizi yanaweza kupenya, pale wako wauaji, wamelowa rangi za kazi yao. Ni nani mwenye moyo wa kupenda, anauliza, angejizuia? Linganisha hotuba hiyo na ukelele wa Macduff. Wote wawili wametumia mafumbo, lakini Macduff aliyatumia kwa sababu hakuweza kulitamka alilolikuta, ilhali Macbeth anayatumia kulipamba. Damu haina rangi ya dhahabu. Anayeiona hivyo amepata muda wa kuitazama na kuitafutia neno zuri, na mtu aliyeua kwa ghadhabu ya ghafla hana muda huo.

Kabla hotuba haijapata mtu wa kuipima, Lady Macbeth anaomba aondolewe pale. Watu wanaagizwa wamwangalie, na swali la Macduff linapotea katika heka heka hiyo. Je, amezimia kweli au amejifanya? Maandishi yana maneno yake ya kuomba msaada tu. Wanaosema amejifanya wana hoja nzuri, kwamba amemwokoa mumewe wakati ule ule alipokuwa akizama katika maneno yake. Mimi naelekea upande mwingine. Sasa ndiyo mara ya kwanza anasikia kwamba walinzi wamekufa, na kwamba mumewe amemwaga damu bila shauri lake. Baadaye, Macbeth atakapopanga kumwua Banquo, atamwambia mkewe akae bila kujua mpaka atakapolisifu tendo lililokwisha kufanyika. Kutengana huko kumeanzia hapa.

Shakespeare hakuibuni habari hii kutoka hewani. Alisoma historia ya Uskoti katika kitabu cha Raphael Holinshed, kilichotoka mwaka 1577 na kuchapishwa tena 1587, akachukua visa viwili na kuvisuka kuwa kimoja. Katika kisa cha Duncan, Macbeth anamwua mfalme kwa msaada wa marafiki, Banquo akiwa miongoni mwao. Hilo halikufaa mbele ya James, ambaye ukoo wake uliaminika kutokana na Banquo, kwa hiyo Banquo wa jukwaani hana mkono katika mauaji. Usiku wa ngome umetoka katika kisa cha mfalme mwingine, Duff, aliyeuawa na watu wa mwenyeji wake Donwald, ambaye mkewe alimchochea. Humo tayari kuna walinzi waliolishwa na kuleweshwa, na Donwald anayekimbilia chumbani asubuhi na kuwaua kama wakosefu. Holinshed anasimulia kwamba Donwald alipita akipekua kila pembe ya ngome kwa bidii iliyopita kiasi, mpaka baadhi ya wakuu wakaanza kuingiwa na shaka. Lakini katika kisa hicho maiti ilikuwa imeondolewa na kuzikwa mbali; kilichobaki ni kitanda chenye damu. Shakespeare aliirudisha maiti chumbani na kuacha shaka ya wakuu ikae katika swali la mtu mmoja. Duncan wa historia, kwa upande wake, hakufia kitandani kabisa. Aliuawa mwaka 1040 katika mapambano na watu wa Macbeth karibu na Elgin, naye Macbeth akatawala miaka 17.

Pembeni, Malcolm na Donalbain wananong'ona. Wao ndio wenye msiba, nao ndio walionyamaza. Malcolm anauliza kwa nini wamefunga midomo. Donalbain anajibu kwamba hapa hatari inaweza kuchomoka kutoka tundu lolote. Wanapobaki peke yao, Malcolm anasema kwamba kuonyesha huzuni isiyokuwamo moyoni ni kazi nyepesi kwa mtu mwongo, na kwamba yeye anakwenda Uingereza. Donalbain anachagua Ireland. Penye tabasamu za watu pana majambia, anasema, na aliye karibu zaidi kwa damu ndiye aliye karibu zaidi na kumwaga damu. Wahenga wetu walilisema hilo kwa maneno manne, kikulacho ki nguoni mwako. Hawana ushahidi, wala hawamtaji Macbeth, ila wamekwisha kuelewa kwamba walinzi wawili hawakuwa na faida yoyote katika kifo cha baba yao. Kuondoka kwao kunaokoa maisha yao na kunakamilisha kazi ya mwuaji, kwani kufikia mwisho wa siku hiyo inasemekana wao ndio waliowahonga walinzi, na Macbeth, ndugu wa karibu aliyebaki, amekwisha kuchaguliwa na kwenda Scone kutawazwa.

Banquo alikuwa ametaka wakutane wakishavaa, wauchunguze unyama huo mpaka kiini chake. Wote waliitikia. Uchunguzi huo hatuuoni kamwe. Kinachofuata ni mazungumzo ya nje ya ngome, ambamo Ross, bwana mwingine, anamwuliza Macduff kama imejulikana ni nani aliyefanya, na Macduff anajibu, "Wale ambao Macbeth amewaua." Sentensi hiyo inarudia maelezo rasmi, lakini jina la mwuaji wa walinzi limewekwa palepale panapotafutwa jina la mwuaji wa mfalme. Akiulizwa kama atakwenda Scone, anasema hapana, anarudi kwake Fife. Banquo naye, akiwa peke yake, anakiri kwamba anamhofu Macbeth kuwa alicheza mchezo mchafu. Hamwambii mtu, na anauawa. Baada ya kifo chake Lennox, yule wa "kama ilivyoonekana", anamsifu Macbeth mbele ya bwana mwenzake kwa kuwaua walinzi: lilikuwa tendo la hekima, anasema, maana nani asingekasirika kuwasikia watu wale wakikana? Swali la Macduff limejibiwa hatimaye, kwa sauti ya sifa ili msemaji asikatwe kichwa.

Msomaji anayependa kuyafuata haya kwa Kiswahili anayo tafsiri ya S. S. Mushi, Makbeth, ya mwaka 1968, na ningemshauri asome Tendo la Pili kisha aruke moja kwa moja hadi Onyesho la Kwanza la Tendo la Tano. Humo Lady Macbeth anatembea usingizini akisugua mikono, akihesabu mapigo ya kengele, akishangaa kwamba mzee yule alikuwa na damu nyingi kiasi hicho, na akisikia tena hodi mlangoni. Huko ndiko kukiri pekee kwa wauaji hao kunakosikika na watu wengine. Mtumishi wake wa kike amekwisha kumsikia akisema usingizini siku za nyuma, na daktari anapomtaka amwambie, anakataa kwa sababu hana shahidi wa kuthibitisha atakayoyasema. Usiku huu daktari anasikia kwa masikio yake mwenyewe, na sasa wamekuwa mashahidi wawili, idadi ileile ya walinzi waliouawa. Daktari anamtakia mwenzake usiku mwema, na kabla ya kuondoka anamwambia kwamba anawaza, lakini hathubutu kusema.